Je, Namba ya Taifa Inatujua?

Wengi wetu tunatembea na namba ya NIDA bila kuitazama vizuri. Ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tano zinazofuata ni msimbo wa eneo. Tano nyingine ni za mfululizo, zinazotutenganisha na wenzetu wenye tarehe na eneo kama letu, kisha mbili za kumalizia. Ndani yake hamna utajiri wa mtu, elimu yake, ukoo wake wala dini yake.

Namba hii imekuwa kama ufunguo. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020, laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na tunakumbuka foleni za siku zile. Benki wanaiuliza, ofisi ya pasipoti inaiuliza. Kwa hiyo ni halali kujiuliza: Mkristo aitazame namna gani? Wapo ndugu zetu wanaoiogopa wakikumbuka chapa ya mnyama katika Ufunuo 13. Wapo wengine wanaosema ni makaratasi ya serikali tu, imani haihusiki. Tunaona kwamba makundi yote mawili yanahitaji kufikiri tena.

Tuanze na hofu. Sura ile ya Ufunuo inahusu ibada: mnyama anataka asujudiwe, na chapa ni ya wale waliokubali. Namba inayotaja siku tuliyozaliwa haitudai ibada. Tena Biblia haisemi jambo moja tu kuhusu kuhesabu watu. Katika 2 Samweli 24 Daudi anawahesabu Israeli ili kujua wingi wa wanaoshika upanga, na Yoabu, ambaye si mtu mpole, anamwonya. Lakini katika Hesabu 1 Mungu mwenyewe anaagiza watu wahesabiwe, jina kwa jina. Na katika Kutoka 30 kila anayehesabiwa anatoa nusu shekeli: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Mbele ya Mungu waliohesabiwa walikuwa sawa. Basi kuhesabiwa si dhambi. Swali ni hili: tunahesabiwa kwa ajili ya nini, na tunaulizwa nini?

Swali hilo si dogo. Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ilikuwa na namba ya utambulisho yenye tarakimu 13, na hadi miaka ya 1980 sehemu ya tarakimu zake ilionyesha mtu amewekwa katika kundi gani la rangi. Jirani zetu Rwanda walipewa na watawala wa Kibelgiji, katika miaka ya 1930, vitambulisho vilivyotaja kabila. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno moja kwenye kadi lilitosha kumwua mtu. Nchi zote mbili zimeviondoa vitu hivyo. Kwa hiyo anayeuliza serikali inaandika nini juu yake si mkorofi. Kanisa linapaswa kuuliza pamoja naye, leo na kesho, hata pale mambo yanapokwenda vizuri.

Sasa tuwageukie wanaosema imani haihusiki. Tarakimu nane za mwanzo ni ushuhuda. Zinasema: mtu huyu alizaliwa siku hii. Amri ya nane inatukataza kushuhudia uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kwamba amri hiyo inatudai pia kumtetea jirani. Cheti cha ubatizo hutumika kama ushahidi pale mtu anapotafuta cheti cha kuzaliwa alichochelewa kupata. Maana yake, kitabu cha usharika kiko karibu sana na namba ya Taifa. Akija mzazi kuomba mwaka upunguzwe kidogo, mtoto apate nafasi ya kazi au ya timu, anatuomba tushuhudie uongo kwa mhuri wa kanisa. Tofauti na huyo ni bibi aliyezaliwa kijijini pasipo maandishi, ambaye anakumbuka tu kwamba ilikuwa mwaka wa njaa. Akikadiria kwa uaminifu, na akasema wazi kwamba anakadiria, hajamdanganya mtu.

Vipi kuhusu kuazimana? Mtu hana namba, ndugu yake anamsajilia laini kwa namba yake mwenyewe. Nia inaweza kuwa ya upendo, na hatuwezi kuwarushia mawe wote waliofanya hivyo. Hata hivyo laini ile ikitumika kumtapeli mjane, anayetajwa ni mwenye namba, na mjane hatampata aliyemwibia. Na hata pasipo utapeli, yule tuliyemsaidia tumemwacha alipokuwa. Akienda benki, ndugu yake hawezi kuwa yeye. Upendo ulio kamili zaidi ni kumsindikiza ofisini, kumtafutia viambatisho, kukaa naye kwenye foleni.

Mtume Paulo anatusaidia hapa. Katika Matendo 22 wanataka kumpiga mijeledi, naye anauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Jemadari alinunua uraia huo kwa fedha nyingi. Paulo alizaliwa nao. Hakuona aibu kuutumia, wala hakuuabudu. Ulikuwa chombo cha haki, akakitumia kama chombo.

Ndivyo tunavyopaswa kuishika namba yetu. Inaweza kusema ni yupi kati ya mamilioni. Haiwezi kusema ni nani. Haijui kilio chetu cha usiku, wala toba yetu, wala tunayemsamehe. Katika Yohana 10 Mchungaji Mwema anawaita kondoo wake kwa majina, na wengi wetu tuliitwa kwa jina kwenye maji ya ubatizo kabla hatujafanya jema lolote la kutustahilisha. Jina hilo halisubiri mtandao urudi, wala hakuna ofisi inayoweza kulizima.

Kwa sababu hiyo tunaweza kumtumikia asiye na namba bila kumdharau. Katika kila jumuiya yuko mzee mmoja au wawili ambao hawajasajiliwa kwa sababu hawana wa kuwapeleka. Tunawajua kwa majina. Wiki hii tuwaulize wanahitaji karatasi gani, kisha tuwafungulie kitabu cha ubatizo na tuandike lililo kweli.