Taa ya shaba na mkono wenye kuisugua

Swali la mashauri haya lilinipata mu magazini moja ya Lubumbashi, ya familia ya Wahindi, siku nilipoenda kununua madaftari. Nyuma ya kaunta kulikuwa kabati ndogo yenye picha za miungu yao, na mbele yake taa ya shaba ya njano, kimo chake kama kiganja cha mtu. Kijana wetu anayefanya kazi pale alikuwa amemaliza kupangusa vioo, akanyoosha mkono aichukue taa ile, aisugue na dawa ya mkebe. Mama mzee wa nyumba, ambaye kila siku anakaa karibu na mlango, akamzuia: «Hapana, mwanangu. Vioo ni kazi yako, nakulipa. Hii iko kazi yangu mi mwenyewe.» Nikamuuliza: «Lakini, mama, kama yeye angeisugua, isingeng'aa?» Akacheka. «Ingeng'aa kupita yangu, mwalimu. Yeye iko na nguvu. Lakini nani angekuwa amesali?»

Nilirudi nyumbani na madaftari yangu, na neno lile likanifuata. Kwa maana kwetu pia tuko na kitu cha shaba kinacholeta ugomvi, nitakisema mbele kidogo.

Tuzieleze kwanza taa zenyewe. Katika dini ya Wahindu, taa haiwashwi ili watu waone njia. Inawashwa asubuhi na jioni mbele ya Mungu, hata kama umeme uko na chumba kizima kinang'aa. Kule Kerala, kusini mwa Uhindi, jua likizama mwanamke wa nyumba anaoga, anavaa nguo safi, ndipo anawasha taa ndefu ya kusimama chini ambayo wanaiita nilavilakku. Mafuta ni ya nazi au ya ufuta, pengine samli. Utambi ni pamba iliyosokotwa kwa vidole. Na moto ule hauzimwi kwa kupuliza na kinywa: wengi wanaona kwamba pumzi ya kinywa ingeuchafua, basi wanasukuma utambi ndani ya mafuta, ama wanaufunika na ua.

Mu jimbo la Tamil Nadu kuko mji mdogo, Nachiarkoil, karibu na Kumbakonam, ambako mafundi wanarithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Taa yao iko na sehemu nne: kikalio, mguu, sahani ya mafuta yenye midomo mitano ya tambi, na juu kabisa kichwa ambacho mara nyingi kimechongwa kama ndege bata-maji. Kila sehemu inamiminwa peke yake ndani ya kalibu ya mchanga laini wa mto Kaveri, halafu inakerezwa, inapigwa tupa, na mwishoni zote zinaungwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Maana yake taa inaweza kufunguliwa. Fundi aliyeibuni alijua tangu mwanzo kwamba kuna mtu atakayeisafisha, na alimfikiri mtu huyo.

Hapa niruhusiwe kusema jambo moja ambalo linaniuma kama Mkatanga. Shaba ya njano ni nini? Ni shaba nyekundu, ile wazee wetu waliita mukuba, iliyochanganywa na zinki, pengine theluthi moja ya zinki kwa theluthi mbili za shaba. Wahindi walijua kuipata zinki zamani sana. Kule Zawar, mu Rajasthan, kungali mabaki ya tanuru za udongo ambamo waliichemsha mpaka ikawa mvuke, wakaukamata mvuke huo ukigeuka tena kuwa madini, miaka mingi kabla Ulaya haijaweza. Sisi, Kipushi iko kilometa 30 tu kutoka Lubumbashi, na udongo wake una shaba na zinki pamoja. Metali zote mbili za taa ile ziko chini ya miguu yetu. Na nani kati yetu ana taa? Lakini hayo ni mashauri mengine.

Turudi kwa mkono wa yule mama.

Shaba ya njano haikai peke yake iking'aa. Hewa na unyevu vinaipa weusi. Mafuta yanayomwagika yanashika vumbi na kuwa kama gundi. Pahali penye maji panatoka ukungu wa kijani. Dawa ya zamani ni ukwaju au ndimu, na chumvi kidogo, ama majivu laini. Uchachu unayeyusha weusi, majivu yanausugua. Mafundi wa Jandiala Guru mu Punjab, ambao kazi yao UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, wanang'arisha vyombo kwa mchanga na maji ya ukwaju. Kisha lazima kusuuza vizuri na kukausha mara moja kwa kitambaa. Mtu mvivu anayeiloweka taa usiku mzima katika ndimu ataikuta asubuhi imeanza wekundu, kwa sababu uchachu umekula zinki na kuacha shaba. Siku hizi viwanda vinauza pia taa zilizopakwa vernisi ili zisichafuke. Moto unaunguza vernisi ile, unyevu unaingia chini yake, na weusi unakaa pale ambapo kitambaa hakifiki. Taa iliyofanywa isihitaji mtu njo inaharibika vibaya zaidi.

Sasa swali lenyewe. Kila usafi unachukua kidogo cha shaba. Kidogo sana, huwezi kukiona. Lakini fanya hivyo kila wiki, miaka mia moja, mama na mkwe na mjukuu. Macho ya ndege yanafutika. Maua yaliyochongwa kwenye sahani yanakuwa laini kama jiwe la mtoni. Mwenye kununua vitu vya kale atakuambia: mmeharibu! Weusi ule ulikuwa ushuhuda wa umri wake, mngeuacha. Na kwa upande wake anasema kweli. Kwake, taa ni kitu kilichokuja kutoka zamani, na kazi yetu ni kutokigusa. Mama wa magazini angemshangaa. Taa nyeusi mbele ya Mungu ni kama kumkaribisha mgeni na sahani ambayo haikunawishwa.

Nani anaiheshimu taa zaidi, yule anayeilinda au yule anayeimaliza polepole kwa kuipenda?

Mahakama ya London iliwahi kukaa karibu na swali hili. Mwaka 1976, kule Pathur, Tamil Nadu, watu walichimba sanamu ya shaba ya Shiva karibu na hekalu lililoanguka. Iliuzwa kwa siri, ikafika Uingereza, na kampuni moja ya Kanada ikainunua. Katika kesi, hekalu lenyewe, ambalo lilikuwa magofu, lilisimama kama mtu mwenye haki ya kudai. Mwaka 1991 korti ya rufani ilikubali, na sanamu ikarudi. Wengine walicheka: ginsi gani mawe yanashitaki? Mimi sicheki. Walichokuwa wanasema ni kwamba kitu kile kiliwekwa kwa ajili ya kutumikiwa, na kwamba miaka mingi ya kutotumikiwa haikukigeuza kuwa mali tupu.

Lakini nisiwe mwepesi. Kama kila kitu kingesuguliwa mpaka kiishe, watoto wangejuaje umbo lake? Jibu la Wahindi, naona, haliko ndani ya taa, liko kwa fundi. Taa iliyopasuka hawapendi kuiwasha tena. Inauzwa kwa kilo, inayeyushwa, na shaba ileile inamiminwa upya mchangani. Kwa hiyo wanaweza kuvumilia taa kuisha, kwa sababu anayejua kuifanya yuko. Pahali ambapo fundi amekwisha, mambo yanabadilika kabisa. Pale kila taa inakuwa ya mwisho, na mwenye kuweka kioo anaanza kuwa na haki.

Na hapo njo tunaposimama sisi. Mwezi wa 6 mwaka 2022 mfalme wa Wabelgiji alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Nilifurahi kama kila mtu. Kisha nikajiuliza, kiko ndani ya kioo kule na ndani ya kioo huku, na vijana kilichokuwa kinawaingiza utu uzima wako wapi?

Kwetu ni msalaba wa shaba, wa ile iliyotumika zamani kwa biashara na kwa mahari. Babu aliupata kwa baba yake. Mwanunuzi mmoja aliuona, akasema bei ambayo ingelipa minerval ya watoto watatu, na akaongeza: «Musiuguse. Musiusafishe hata kidogo.» Ndugu zangu wakakubali kuuza. Dada yetu mkubwa, ambaye anaulinda tangu mama alipofariki, hakusema kitu. Lakini kila mwisho wa mwaka, mama alikuwa na desturi ya kuutoa, kuusugua na majivu na ndimu, na kututajia majina ya wale walioolewa kwa msalaba huo. Mwaka ule dada akafanya vilevile. Mwanunuzi aliporudi akaukuta mwekundu kama mgongo wa panzi. Akashusha bei hata nusu, akaenda zake, na ndugu zangu wawili hawakumsalimia dada mpaka Pasaka.

Waliniomba nimkaripie kwa sababu mimi ni mtu wa shule. Nilienda. Nikamkuta amekaa kwenye kibaraza, msalaba uko kwenye magoti, watoto wamemzunguka. Alikuwa amefika kwa jina la nne. Nikavuta kiti, maana la tano sikulikumbuka.