Deni la Hasheem

Akitokea kijana mrefu kwenye uwanja ninaofundishia mpira wa kikapu hapa Temeke, wiki haipiti kabla mtu mzima aliyesimama pembeni hajalitaja jina la Hasheem Thabeet. Hulitaja kama onyo: "Asije akawa kama Hasheem." Maana yake asije akapewa kila kitu halafu asifike popote. Nimeyasikia maneno hayo kwa wazazi, kwa makocha, hata kwa vijana ambao Hasheem alipokuwa chuoni wao walikuwa bado wananyonya. Kila nikiyasikia yananichoma, kwa sababu naona yanamkosea mtu, na yanamkosea pia Aliyempa.

Nianze na alichokifanya, maana watu wamekisahau. Kijana wa Dar es Salaam anaanza kucheza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaushika mpira tangu utotoni. Mwaka 2006 anaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa kocha Jim Calhoun aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili. Ana futi 7 na inchi 3. Mwaka wa kwanza anafunga pointi 6 hivi kwa mechi. Mwaka wa tatu anafunga zaidi ya 13, anachukua ribaundi karibu 11 na kuzuia mitupo minne kila mechi. Mwaka 2008 na 2009 anatajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, wakati huo moja ya ligi ngumu kuliko zote za vyuo. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mechi moja. Aliyewahi kucheza chini ya kikapu anajua kuzuia mitupo kumi ni nini. Ni kuruka mara arobaini na kudanganywa mara thelathini, na kila ukidanganywa urudi chini uruke tena.

Machi mwaka huohuo walicheza na Syracuse mechi iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza na kumalizika saa saba usiku imeshapita, wakafungwa 127 kwa 117. Aprili walifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, Michigan State wakawatoa kwa 82 dhidi ya 73. Juni, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Hapo ndipo watu wetu walipofungua daftari la deni. Harden na Curry wakawa wachezaji bora wa ligi nzima. Hasheem, katika misimu mitano ya NBA, alifunga wastani wa pointi mbili na kidogo kwa mechi. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka Dakota, kwenye ligi ndogo, jambo ambalo halikuwa limempata mchezaji yeyote aliyechaguliwa juu kiasi kile. Kwa hiyo wanatoa, wanajumlisha, wanasema: anadaiwa.

Anadaiwa na nani? Nani aliyeahidi? Hasheem hakutoa ahadi kwamba atafunga pointi ishirini. Waliomwona ndio waliokisia, wakaweka makisio yao kwenye namba, na kisio lilipokosea wakaliandika kwa jina lake. Urefu wake haukuwa mkataba. Aliukuta tu mwilini.

Katika darsa la tafsiri la Ramadhani, mwisho wa juzuu ya pili, ndani ya Surat al-Baqara, huwa tunafika kisa cha Talut. Wana wa Israili wanamwomba Nabii wao awawekee mfalme. Wanaambiwa ni Talut, nao wanakataa: mtu huyu hana mali. Wanajibiwa kwamba Mungu amemteua na kumzidishia elimu na mwili. Mwili umetajwa waziwazi kuwa zawadi, na napenda kwamba haukudharauliwa. Kisha jeshi linaondoka, linajaribiwa mtoni, wengi wanaanguka, wachache wanavuka na kumkabili Jalut na majeshi yake. Na anayemuua Jalut ni Daud. Mwaka mmoja nilibaki kwenye aya hiyo baada ya wenzangu kuondoka. Aliyezidishiwa mwili ni mmoja, aliyepewa kulipiga pigo ni mwingine, na hakuna mtu ndani ya kisa anayemgeukia Talut kumwuliza mwili wake ulikuwa wa nini. Kazi yake ilikuwa kuongoza watu hadi ng'ambo ya mto. Aliifanya.

Mwalimu mwenzangu, mtu mcha Mungu kuliko mimi, alinipinga kwa hoja ambayo siwezi kuipita. Alisema kipaji ni amana, na amana inaulizwa. Nakubali. Lakini tuifuate amana mpaka kwenye hukumu zake. Jirani akikuachia mbuzi, ukamlisha, ukamfungia vizuri, naye akafa kwa maradhi, hulipi. Aliyewekewa amana halipi ila kwa uzembe au kwa kuvuka mpaka. Hata tukisema mwili si amana bali umeazimwa, na katika madhehebu yetu ya Shafi mwazimaji hubeba dhamana nzito zaidi, bado kitu kikichakaa kwa matumizi yaleyale yaliyoruhusiwa, haulizwi. Tena anayedai ni mwenye mali. Wapita njia hawana kesi. Sisi tuliosimama pembeni ya uwanja hatukumwachia Hasheem kitu.

Wanafalsafa wa huko Marekani nao wameligusa jambo hili. John Rawls, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alisema hakuna mtu anayestahili vipaji alivyozaliwa navyo, kwa hiyo mgawanyo wa vipaji utazamwe kama mali ya wote, ili mwenye bahati awanufaishe wasio nayo. Hatua ya kwanza naipokea kwa mikono miwili, tena dini ilinifundisha kabla yake. Hatua ya pili naiona inafaa kwenye kodi na sheria za nchi. Inaponiogopesha ni pale inapofika barazani na kugeuka kuwa "mtoto wetu," na "mtoto wetu" ikageuka kuwa haki ya kumtukana asipoturidhisha.

Mfano wa pili wa jinsi tunavyousoma mwili kama ahadi uko palepale, msimu uleule. Tarehe 16 Februari 2009 Hasheem alikuwa anatimiza miaka 22, na Connecticut ndiyo timu namba moja nchini. Pittsburgh wakaja wakawashinda 76 kwa 68. Kijana wao, DeJuan Blair, mwenye futi 6 na inchi 7, alimbeba Hasheem begani akamwangusha chini, akachukua ribaundi 23. Mwisho wa msimu Blair na Hasheem wakatunukiwa pamoja uchezaji bora wa Big East. Lakini magoti ya Blair yalikuwa hayana kano fulani muhimu, na siku ya kuchaguliwa akashuka mpaka namba 37. Kisha akacheza NBA miaka saba. Mmoja mwili wake ulisomwa kuwa hazina, mwingine ukasomwa kuwa hasara, na wasomaji walikuwa walewale.

Kinachonisumbua zaidi ni ile miaka mitatu ya chuo. Imefanywa kuwa ngazi tu, na kwa kuwa juu ya ngazi hapakuonekana jumba, ngazi nayo ikahesabiwa si kitu. Sioni ni kwa akili gani. Mtupo uliozuiwa mwaka 2009 ulizuiwa. Haufutwi na benchi la Memphis. Mtu akiswali vizuri alfajiri, akaumwa adhuhuri akaswali kwa kukaa, hatusemi alfajiri yake imebatilika. Kitu kizuri hakingoji kitu kingine kije kukithibitisha.

Nina mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye sasa anagonga kichwa mlangoni mwa darasa. Bibi yake huja kumwangalia, anakaa kivulini na kanga yake begani. Aliniuliza, "Mwalimu, huyu atafika huko alikofika yule?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Mimi namdai mambo mawili: awahi mazoezini, na akunje magoti anapolinda. Mengine hayako kwangu, wala hayako kwake." Akanitazama kwa muda. Akasema, "Basi umwambie na baba yake."

Nilimwambia. Baba hakufurahi, na bado anamwonyesha kijana video za NBA kila usiku, na kijana ameanza kulala vibaya kabla ya mechi. Ndiyo sababu naandika. Maneno ya "asije akawa kama Hasheem" yana mzigo, na mzigo wenyewe anaubeba mtoto wa miaka 15.

Hasheem mwenyewe, baada ya NBA kumfungia mlango, alirudi kwenye ligi ndogo ya Marekani, akaenda Japani, akaenda Taiwan, na alipokuwa ameshapita miaka 33 alikuwa bado anavaa viatu na kuingia uwanjani kuzuia mitupo, mbali na kamera zilizomwona akichaguliwa wa pili. Anayemtuhumu kwa kuitupa amana yake aniambie alikuwa akilinda nini miaka yote hiyo.