Je, Yafaa Kumsumbua Ndege kwa Ajili ya Picha?

Siku hizi katika parokia nyingi za miji yetu vijana hutoka pamoja siku ya Jumamosi, au baada ya Misa ya Jumapili, kwenda kutembea porini na simu zao mkononi. Zamani watu walikwenda porini kutafuta kuni, uyoga na vinkubala. Leo wako pia wenye kwenda kutafuta picha za ndege na vipepeo. Wazee wengine huwacheka na kusema: «Picha haijazi sufuria.» Wengine husema ya kama huo ni mchezo tu, wala dhamiri haina neno la kusema juu yake. Sisi twaona ya kama pande zote mbili zimepungukiwa na kitu. Kazi hii ni njema kweli; na kwa sababu ni njema, yaweza pia kuharibiwa. Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Kwanza tuseme wazi: kuviangalia viumbe vya Mungu si kupoteza wakati. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha ya kama Mungu aliwaleta wanyama na ndege mbele ya mtu ili awape majina. Na nani aweza kumpa mwingine jina lifaalo, asipomtazama kwanza? Naye Bwana wetu, alipotaka kuwaponya wanafunzi wake wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwaonyesha ndege na maua ya shambani. Mtakatifu Tomasi wa Akwino afundisha ya kama kiumbe kimoja peke yake hakiwezi kuonyesha vya kutosha wema wa Mungu. Ndiyo sababu Mwumba aliumba viumbe vingi na vya namna mbalimbali, ili kile kinachopungua katika kimoja kionekane katika kingine.

Mafundisho hayo tunayasikia kanisani, lakini ni mtoni tunapoyaona. Nenda wakati wa joto kwenye kijito, mahali penye matope mabichi. Utakuta vipepeo wametua kwa makundi, weupe, wa manjano, wa rangi ya samawi, wakinyonya matope. Wengi wao ni madume, nao wanatafuta chumvi iliyomo katika maji yale. Katika misitu yetu ya Kongo yuko kipepeo mkubwa kupita wote wa Afrika, ambaye wataalamu wamwita Papilio antimachus. Mabawa yake yakinyoshwa yafikia shubiri nzima, ni kusema sentimeta 23 hivi. Mtu anayepita mbio huona «vipepeo tu». Mtu aliyesimama kupiga picha, akangoja, akatazama tena, ataanza kuuliza: kwa nini huyu ana madoa na yule hana? Picha, ikitumiwa vema, humfundisha mtu kusimama.

Tena picha yaweza kuisaidia elimu. Tukumbuke habari ya tausi wa Kongo. Mwaka 1913, katika misitu ya Ituri, mtaalamu wa Marekani jina lake James Chapin alipata unyoya uliokuwa katika vazi la kichwa la mtu wa huko. Hakumjua ndege mwenye unyoya ule, akautunza zaidi ya miaka 20. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa na kuwekwa kando. Kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa namna ile ya Uhindi. Lakini manyoya yao yalifanana na ule unyoya wake. Mwaka uleule dunia ya wataalamu ikatangaziwa ndege «mpya». Mpya kwa nani? Watu wa msitu walikuwa wanamjua, hata wakajipamba kwa manyoya yake! Habari hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza: kitu kilichoandikwa vibaya chaweza kukaa mbele ya macho ya wasomi miaka mingi bila kuonekana. La pili: kabla ya kutafuta jina katika vitabu, mwulize mzee wa kijiji.

Basi, ikiwa kazi ni njema hivi, shida iko wapi? Shida yaanza pale ambapo kiumbe hakitaki kutulia. Ndege ameruka, kipepeo amejificha, mwanga ni kidogo. Je, twaweza kuwalazimisha kidogo, ili picha iwe nzuri?

Wengine watajibu: «Ndege ni mnyama tu. Tunamchinja na kumla. Je, kumsumbua ni neno?» Hoja hii si ya kudharauliwa, nasi hatutaki kumhukumu mtu mwenye njaa. Hata vinkubala tunavyokaanga na kula na bukari ni watoto wa vipepeo wa usiku, nasi twavila kwa shukrani, wala hakuna dhambi. Mungu alimpa mwanadamu viumbe ili apate kuishi. Lakini tazameni vema: mama anayeokota vinkubala anafanya hivyo kwa haja ya nyumba yake. Mwenye kuvunja bawa la kipepeo ili akae mbele ya simu, huyo hana haja. Ana tamaa tu. Haja ina kipimo chake, kwa kuwa mtu akishiba huacha. Tamaa haina kipimo. Naye Mtakatifu Tomasi aonya ya kama mtu anayezoea ukatili kwa wanyama atafikia kuwa mkatili kwa watu pia. Bawa likivunjika, na moyo unaanza kuwa mgumu.

Wengine watajibu kwa namna nyingine: «Picha haichukui kitu. Ndege anabaki na manyoya yake yote.» Mara nyingi ni kweli, lakini si siku zote. Ukikikaribia kiota, mama huruka. Mayai yapoa, au nyoka na kunguru hupata nafasi. Ukikata majani yanayokificha ili mwanga uingie, jua litawaunguza makinda. Majani uliyoyakanyaga yabaki kama njia, na wanyama wenye kuwinda huifuata. Makinda waliokaribia kuruka, wakishtuka, hujitupa chini kabla ya wakati wao. Wako pia wenye kulisha sauti ya ndege katika simu ili kumwita yule dume. Naye, akidhani adui ameingia katika boma lake, aacha kulisha watoto wake ili aje kupigana na kivuli. Na kipepeo je? Ule unga unaobaki kidoleni ukimshika ni magamba ya mabawa yake, nayo hayaoti tena. Vipepeo wengi, wakisha kupata mabawa, huishi majuma machache tu. Anayemfungia mmoja katika frigo, ili baridi imfanye asiruke mbele ya picha, amemnyang'anya sehemu ya maisha yake ambayo ni fupi tayari.

Lakini iko sababu nyingine iliyo ya ndani zaidi. Tumekwisha kuona, katika matembezi ya vijana, ndege mdogo aliyefungwa mguu kwa uzi, na uzi ukafichwa nyuma ya tawi. Picha ilitoka nzuri sana: ndege ametulia, macho yang'aa, majani ni mabichi. Watu wengi waliisifu. Lakini picha ile ilisema nini? Ilisema: «Tazameni, huyu ndiye ndege huru wa Mungu juu ya tawi lake.» Na haikuwa kweli. Alikuwa mfungwa, na macho yale yaling'aa kwa hofu. Ndugu, amri ya nane haikatazi uwongo wa mdomo peke yake. Mtu aweza kusema uwongo kwa mkono, kwa mizani ya soko, na kwa picha pia. Kile kibandiko cha Tervuren kilidanganya kwa kutojua. Uzi ule ulidanganya kwa makusudi.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Mtakatifu Tomasi atenganisha bidii njema ya kujua na udadisi mbaya. Bidii njema yatafuta ukweli wa kitu kwa njia iliyo halali. Udadisi mbaya wataka kujua au kuonyesha kwa ajili ya kiburi. Basi kila mmoja wetu ajiulize: nikikatazwa kuonyesha picha hii kwa watu, je, ningali nataka kumtazama ndege huyu? Kama jibu ni hapana, basi hatukuja kwa ajili ya ndege. Tulikuja kwa ajili ya sifa zetu, naye ndege amekuwa ngazi tu ya kupandia.

Tuongeze neno juu ya jirani. Njia ya kwenda mtoni hupita kando ya mashamba. Haifai kijana akanyage mistari ya mihogo, apige picha ya ndege aliye juu ya jani, aende zake, bila kumsalimu mama anayelima pale. Mama yule naye ni kiumbe cha Mungu, tena ameumbwa kwa mfano wake. Kando ya Lubumbashi mapori yamerudi nyuma sana kwa sababu ya makala, na ndege wamekosa miti. Lakini mchoma makala ana watoto wenye kula, na sisi wa mjini ndio tunaopikia makala yake. Asiwepo mtu wa kuwapenda ndege kwa kuwachukia maskini. Afadhali picha zetu zionyeshe kwa ukweli kile tulicho nacho na kile tunachopoteza, ili wote, wenye kuchoma na wenye kununua, tutafute njia nyingine pamoja. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha ya kama kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Basi yafaa nini? Ninyi viongozi wa vijana, wafundisheni haya. Kiota chenye mayai au makinda kipitwe kwa mbali. Pasikatwe jani, pasishikwe bawa, pasifungwe uzi. Ndege akianza kulia kwa wasiwasi na kuzunguka, maana yake anatuomba tuondoke; tuondoke. Picha iliyopigwa iandikwe mahali, tarehe, na jina la kiumbe katika lugha ya wazazi wetu, kama wazee walivyolitaja. Na kwa kuwa mara nyingi simu ni moja kwa watoto 20, wale wasio nayo wasikae bure: kila mmoja asimulie kwa maneno alichokiona, rangi, mwendo, sauti. Mara nyingi yule asiye na simu ndiye aliyeona zaidi.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni bila picha, msimcheke. Mwulizeni kwa nini. Akijibu: «Tulimkuta yu juu ya mayai yake, tukamwacha,» mjue ya kama siku ile hakupoteza kitu. Amejifunza kujizuia mbele ya kiumbe kisichoweza kujitetea. Mwenye kujifunza hivyo mbele ya ndege, siku moja atajua pia namna ya kusimama mbele ya mgonjwa, mbele ya mfungwa, mbele ya mtoto wa mwingine. Mungu Mwumba atujalie macho yenye kuona na mikono yenye adabu.