Deni la Mlaji

Siku ya soko mjini Wote au Kitui, hoteli hujaa watu saa ya chakula cha mchana. Mhudumu mmoja hukimbilia meza nyingi, na kila mlaji hutaka yake iwe ya kwanza. Ndipo isikikapo sauti kali: "Wewe! Kwani mimi silipi?" Je, kulipa humpa mtu haki ya kumdharau amwandaliaye?

Hebu tuitazame sahani ya muthokoi. Mahindi yake yametwangwa hadi yakatoka maganda, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe. Asili ya mahindi ni Meksiko, ambako wakulima waliyateua kutokana na nyasi za porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Ni nani awezaye kuwalipa wote hao? Shilingi zetu hununua chakula. Jasho na subira ya watu havimo katika bei.

Pale Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 humpa msafiri wa dini yoyote chakula bila malipo. Alaye bure huona haya kumfokea ampakuliaye. Mbona basi haya hiyo itutoke mara tushikapo shilingi?

Ni kweli kwamba mlaji ana haki ya kudai alicholipia. Lakini kudai ni jambo moja, na kutweza ni jingine. Fedha humaliza hesabu ya hoteli. Deni la heshima hulipwa kwa ulimi.