Tikiti na Mzigo

Masomo: Waefeso 2:8–10, Mathayo 22:11–13



Mnajua ya kuwa katika nchi yetu ya Mara watu wengi hawajapata kupanda gari la moshi. Reli ilifika Mwanza mwaka wa 1928, lakini Musoma haikufika. Vijana kama Julius Nyerere wa Butiama, aliyeingia shule ya Tabora mwaka wa 1937, iliwapasa kuiacha kwanza nchi ya kwao ndipo waione reli. Basi hata leo yaweza kutokea kwamba ndugu yetu aalikwaye na usharika rafiki wa Ujerumani hupanda gari la moshi mara ya kwanza huko huko Ulaya, ijapokuwa magari ya huko siku hizi hayana moshi. Naye huuliza: Nichukue mzigo gani? Tikiti niiweke wapi? Maswali haya ni ya safari ya mwili, lakini ndani yake yamo mafundisho kwa safari ya roho. Tuseme kwanza habari za huko, kisha habari zetu.

Katika stesheni nyingi za Ujerumani hapana lango wala bawabu. Mtu huingia kutoka njiani, hupita mpaka jukwaani, hupanda, hukaa kitini, wala hapana amwulizaye neno. Mgeni hustaajabu, hudhani labda tikiti haina kazi. Lakini gari likiisha kuondoka, mkaguzi huja behewa kwa behewa, akitaka kuona tikiti za abiria. Tikiti iliyonunuliwa kwa njia ya simu huwa na jina la msafiri, na mkaguzi aweza kutaka kitambulisho pia. Asiye nayo hutozwa maradufu ya nauli, wala haipungui Euro 60. Hapo nguo nzuri hazimsaidii, wala sanduku kubwa, wala kusema, Nimekaa hapa tangu asubuhi. Mtoto mdogo husafiri pamoja na wazazi wake, lakini akifika miaka 15 sharti awe na tikiti yake mwenyewe.

Mzigo nao una desturi yake. Katika magari yale hapana apimaye kilo. Mgeni husikia hayo akafurahi, akajaza masanduku matatu: vitenge vya zawadi, vikapu, dagaa wa ziwani. Kisha huona taabu, maana wachukuzi hawapo, ngazi ni nyingi, na gari husimama dakika chache tu. Kila mtu hupandisha chake mwenyewe mpaka kwenye kichanja kilicho juu ya viti. Hapana apimaye, lakini mgongo wake wapima.

Kwa hiyo shauri letu kwa msafiri ni hili. Tikiti na pasipoti zikae kifuani, zisikae sandukuni. Ikiwa tikiti imo katika simu, nakala ya karatasi iwepo pia, maana simu huzimika. Mzigo uwe kadiri ya mikono miwili, wala usiuache peke yake. Jina la Kiriba lafanana na jina la ule mfuko wa ngozi waliouchukua wasafiri wa zamani. Nao haukuwa mkubwa, ulichukua maji ya njiani tu. Na likitokea jambo la haraka, ni heri mzigo upotee, tikiti ibaki na mwenyewe.

Ndugu wengi wakifika Ujerumani hutamani kuuona mji wa Wittenberg. Stesheni yake yaitwa Lutherstadt Wittenberg, yaani Wittenberg, mji wa Luther. Gari litokalo Berlin kwenda huko hupita Jüterbog. Mahali hapo tupakumbuke. Mwaka wa 1517 mtawa Johann Tetzel aliuza vyeti vya msamaha katika mji ule. Mtawala Frederick alikuwa amekataza visiuzwe katika nchi yake ya Saksonia. Basi watu wa Wittenberg wakavuka mpaka, wakanunua Jüterbog, wakarudi na karatasi zao mkononi, wakidhani wamepata tikiti ya mbinguni. Martin Luther, aliyekuwa akiwaungamisha, akaiona hatari: watu wameacha toba, wametegemeza roho zao juu ya karatasi iliyonunuliwa kwa fedha. Tarehe 31 Oktoba ya mwaka ule akatoa hoja zake 95.

Sasa tujiulize, wapenzi: Je, Jüterbog ni mbali na Kiriba?

Tumesikia mara nyingi penye msiba, mwili ungali ndani ya nyumba, watu wakinong'ona: Je, marehemu alilipa ahadi yake? Bahasha zake zimo kitabuni? Naye mjane akaona haya mbele ya watu, akatuma mtoto akakope fedha kwa jirani, kana kwamba mume wake hatapokewa mpaka deni liishe. Neno hili latuhuzunisha sana. Maana tukifanya hivyo, tumeirudisha ile meza ya Tetzel, nasi twajiita Walutheri.

Mtuelewe vema. Kutoa sadaka ni kwema, tena ni wajibu. Kanisa lataka bati, wainjilisti wataka chakula, yatima wataka karo. Hatumpi mvivu udhuru. Lakini sadaka ni mzigo mwema, si tikiti. Ni zawadi tunayomchukulia Mwenyeji wetu kwa furaha, kama yule mgeni na vitenge vyake. Nani awezaye kumwambia mkaguzi, Tikiti sina, lakini vitazame vitenge hivi? Nauli imelipwa na yeye aliyetualika, wala hakuilipa kwa fedha, bali kwa damu yake. Mtume Paulo awafundisha Waefeso ya kuwa wokovu ni kipawa cha Mungu, hautoki katika matendo, mtu awaye yote asipate kujisifu. Na ndipo katika mstari wa kumi ataja matendo mema, kama njia ya waliokwisha kuokolewa. Utaratibu huo tusiugeuze.

Nanyi mnaokaa kitini kwa raha, sikieni pia. Kanisa letu nalo halina bawabu. Mtu aweza kuketi bencini miaka 30, akaimba, akasema, Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kwanza hapa. Lakini yule mtu wa arusi katika Mathayo 22 alikwisha kuketi pamoja na wageni wengine, naye alipoulizwa hakuwa na jibu. Ubatizo wako ni wako. Uushike kwa imani yako mwenyewe, kwa maana imani ya baba haitoshi kwa mwana aliyekwisha kukua. Na mizigo isiyofaa uishushe: kesi ya mpaka wa shamba iliyowatenga ndugu wa tumbo moja, hirizi iliyofichwa darini, kinyongo cha mahari. Waebrania 12:1 latuagiza tuuweke kando kila mzigo utuzuiao mbio.

Ninyi wazee wa kanisa na wainjilisti, twawasihi: kitabu cha sadaka kikae mahali pake, kisifunguliwe penye jeneza. Mwenye kulegea aonywe angali hai, uso kwa uso, kwa upole. Na siku ya maziko mwambieni mjane habari za Yule aliyelipa nauli yote.

Ee Bwana Yesu, uliyetulipia tulipokuwa hatuna kitu, utufundishe kuishika neema yako karibu na moyo, na kuyashusha yatulemeayo. Wahurumie wajane walioaibishwa katika nyumba yako, na utufikishe sote salama kwako. Amin.