Kulegeza Si Kufungua



Neno moja lasikiwa sana midomoni mwetu: kulegeza. Twalegeza kamba, twalegeza mshipi, twalegeza hata amri. Lakini ndugu zake neno hilo ni kulegea, mlegevu na ulegevu. Ndiyo maana wengine huuliza: Je, mwenye kulegeza amri siye mlegevu?

Tazameni mbuzi aliyefungwa mtini. Kamba ikikaza mno, mguu wake hupata kidonda. Ukiifungua, ataingia katika mihogo ya jirani. Mchungaji mwema huilegeza: mguu wapona, wala shamba haliharibiki. Basi, kulegeza si kufungua. Kilichofunguliwa kimeachwa, kilicholegezwa kingali kimeshikwa.

Eklezia nayo hufanya vivyo hivyo. Zamani, mwenye kutaka kupokea Komunyo hakula wala kunywa tangu usiku wa manane, hata maji. Waliotoka vijiji vya mbali walifika misioni wenye njaa na kiu. Mwaka 1953 Papa Pio wa 12 aliruhusu kunywa maji. Mwaka 1957 akapunguza mfungo wa chakula uwe wa muda wa saa 3. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 akaufanya wa saa 1. Wazee na wagonjwa hawafungwi hata na saa hiyo moja. Kamba imelegezwa, haikufunguliwa: heshima ya Mwili wa Bwana ni ile ile.

Hatari iko wapi, basi? Nawaambia kosa langu mwenyewe. Asubuhi moja nilimfungia mlango wa darasa mtoto aliyechelewa, nikasema: Amri ni amri. Sikumwuliza neno. Baadaye nikasikia kwamba alikuwa mtoni, akimchotea maji mama yake mgonjwa. Jioni ile ile mimi nami nilichelewa sala, nikajiambia: Nimechoka, Mungu anajua. Kumbe, kamba ya mguu wangu najua kuilegeza. Ya mguu wa mwenzangu najua kuikaza tu!

Hapo ndipo huruma na ulegevu vinapoachana. Mwenye huruma hutazama kidonda cha mwenzake; mlegevu hutafuta raha yake. Kabla ya kulegeza, ujiulize: Mguu huu ni wa nani? Ukiwa wako, ngoja kidogo. Ukiwa wa mwenzako, inama kwanza uutazame.