Keki ya Mtama, Kitabu Pembeni

Jumamosi iliyopita, hapa Dodoma, nilijaribu keki ya unga wa mtama kwenye jiko la mkaa: moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Nilitia mayai, mafuta ya alizeti, sukari na zabibu kavu. Mkoa huu huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jamani, tusizikumbuke kwenye mvinyo tu.

Nikingoja iive, nikafungua kitabu cha Mathias Mnyampala, yule mshairi Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Nikasema nisome kurasa mbili tu. Nilipokuja kushtuka, harufu imeshajaa nyumba nzima.

Juu ilikuwa nyeusi. Hilo kosa langu. Lakini pia ilimomonyoka kama tofali bichi, na hapo mtama una sababu yake: hauna ile protini ya ngano inayovutika kama mpira na kushika hewa. Jana nimechanganya nusu kwa nusu na unga wa ngano, nikauacha mchanganyiko upumzike nusu saa, chenga zilainike. Kitabu nikakifungia kabatini. Ikaumuka, si haba.

Mama mkwe akaonja, akanitazama. “Mwanangu, huu ni ugali uliotiwa sukari.” Kisha akasogeza sahani, nimwongeze.